Mtemi Aliyesoma Nyayo kwa Vidole

Wanaume wa Sapiwi wakianza habari za baba mkubwa Machibya huanzia mtoni, pale gobore lilipolia. Mimi habari hiyo imenichosha. Nimeisikia misibani, nimeisikia harusini, nimeisikia nikiwa nimepanga ndoo kwenye pampu, na kila anayeisimulia anaongeza mwizi. Nilipokuwa mtoto wezi walikuwa wanne. Siku hizi wamekuwa kikosi kizima, na ukibisha unaulizwa, wewe mwanamke ulikuwepo?

Sikuwepo. Lakini nimelelewa kwenye mji wake, yaani boma lake, baada ya wazazi wangu kufariki, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Wezi walikuwa watatu. Walikuwa wanavusha ng'ombe wa watu kwenye Mto Simiyu, maji yakiwa magotini, na yeye, kijana aliyehamia juzi tu kutoka Shishiyu, alikuwa na gobore la marehemu baba yake, la kuwindia swala. Alifyatua mara moja. Akampata mmoja pajani, wengine wakatupa pinde na kulala kifudifudi kwenye matope.

"Hawakujua," alisema, "kwamba kulishindilia tena lile gobore ni kazi ya muda wa kupika ugali. Wangejua wangenifuata pale pale wakanichinja."

Akacheka mpaka akaweka mpini chini. Enzi hizo alikuwa bado anajua kucheka.

Jina la Gobore likaanzia hapo na halikumwacha tena. Sungusungu walimfanya kamanda, kisha wakamfanya mtemi wao, yaani mkubwa wa walinzi wote wa kijiji. Watu wa Mwanhuzi walikuja na baiskeli, baadaye na pikipiki, kumwomba akawasaidie kufuata nyayo za mifugo yao. Wacheza ngoma walimtia kwenye nyimbo za mavuno. Wezi waliokuwa wanatoka mbali waliizunguka Sapiwi wakaenda kuwaibia wenzetu, nasi tukalala usingizi mnono tukidhani ni haki yetu.

Gobore lenyewe alilisalimisha zamani, serikali ilipotangaza watu warudishe silaha zisizo na kibali. Alilifunga kwenye kanga ya mke wake, mama mkubwa Milembe, akalipeleka Bariadi mjini mwenyewe. Haikubadilisha kitu. Watu waliendelea kumwita Gobore, na mwizi aliyesikia Gobore hakuwa na haja ya kuuliza kama bado lipo.

Kilichobaki kilikuwa nyayo. Kwetu ng'ombe akiibwa, mwenye mali anapiga mwano, ile yowe ya kuita kijiji. Filimbi zinaitikia mji hadi mji, siku hizi na simu zinaita, na kila mwanaume anatoka na upinde au fimbo. Sheria za msafara huo alizipanga yeye. Anayechelewa mwano anatozwa mbuzi, awe nani. Hakuna kukanyaga mbele ya anayesoma nyayo, wote wanakaa nyuma yake. Na mji ambao nyayo zimeishia ndio unaojibu. Ni sheria nzuri kabisa, mradi huyo anayetangulia awe anaona.

Yeye alikuwa haoni.

Macho yalianza kuingia ukungu taratibu, moja kisha la pili, mpaka akabaki anatofautisha mwanga na giza na kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni. Ulikuwa mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika. Madaktari wa macho walikuja Bariadi, ikatangazwa redioni kwamba wanapasua bure, na wazee wengi wa Sapiwi walikwenda wakarudi wanasoma maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Baba mkubwa akasema macho yake ni mazima. Angekaaje kwenye foleni ile, Gobore mzima, na bandeji usoni, habari zimtangulie kufika Mwanhuzi? Aliamini kwamba siku wezi watakapojua, zizi la kwanza kufunguliwa litakuwa lake na la pili la jirani yake. Huenda hakukosea. Ila alikuwa pia anaona aibu, na mimi sitalipaka hilo mafuta.

Mama mkubwa Milembe ndiye aliyekuwa macho yake. Msafara ukitoka, alitembea ubavuni kwa mumewe na kibuyu cha maji, ameshika mkono wa shati lake, na alichokiona alimnong'oneza. Vijana waliwatania, wakasema mzee amesubiri mvi ndipo ajifunze mapenzi. Mzee aliinama, akapitisha vidole kwenye alama ya kwato, kisha akatamka maneno ambayo mkewe alishampa. Watu wakashika vinywa. Mtemi siku hizi anasoma hata kwa vidole! Upofu ukamwongezea sifa, na aliyejua ni mkewe peke yake.

Na vidole vyenyewe vilikuwa vinajua kitu, nisimwonee. Kwato iliyopasuka, ng'ombe anayechechemea, hayo aliyapata. Asichoweza ni kuiona njia yote kwa pamoja, aone nani alitembea nyuma ya yule ng'ombe na katambuga zake za tairi zimeelekea wapi.

Msimu wa kilimo uliopita nyayo ziliishia kwa Mayige, mtu mpole aliyekuwa akifuga ng'ombe wachache na kulima pamba upande wa mashariki wa kijiji. Mtemi aliinama, akagusa, akasema ni hapa. Mayige alikana mpaka sauti ikamkauka. Walimpiga, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Ng'ombe waliotafutwa hawakuonekana kwake wala kwingine, watu wakasema basi ameshawauza. Polisi walipokuja kuuliza, kijiji kizima kilikuwa shambani siku ile. Mkewe Specioza alibaki na watoto, na kwenye pampu wanawake walikuwa wanasogeza ndoo zao asiziguse.

Nimeyasema hayo ili ijulikane ni kitu gani kilikuwa kinamngoja Marcelo, aliyeishi jirani na kwa Mayige, asubuhi ile.

Mwano ulitoka kwa Yakobo, jirani yetu, mtu mwenye sauti kubwa na hasira za karibu. Mwaka ule wezi walikuwa wameshamchukulia maksai, na sasa mtamba wake mwekundu hakuwemo zizini, miiba ya mlangoni imesukumwa. Mtamba huyo alikuwa mgeni kwake. Alikuja na mahari, binti yake alipoolewa na mtoto wa Marcelo, na kila mtu alijua Marcelo alivyomng'ang'ania siku ya kuhesabiana. Alitaka kutoa mwingine, washenga wakakataa.

Mimi na mama mkubwa tulikuwa kwenye pampu. Baba mkubwa angeweza kumsubiri. Lakini anayechelewa mwano anatozwa, awe nani, na mtemi akichelewa watu watauliza anangoja nini. Akachukua filimbi na fimbo, akafuata kelele. Njia ya kwa Yakobo miguu yake iliijua.

Pale mlangoni pa zizi aliinama, akagusa. Kwato ya mbele ya kushoto ilikuwa na ufa. Akagusa nyingine, na nyingine, zote zimenyooka kuelekea upande mmoja bila kuzunguka.

"Mtemi," Yakobo akauliza, "amepotea au ameswagwa?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema sijui. Lakini watu wote walikuwa wameshika pinde wanamtazama, na alama zilikuwa zimenyooka, na ng'ombe aliyepotea huzurura.

"Ameswagwa," akasema.

Msafara ukatoka. Vijana wa pembeni walikuwa wanapaza sauti, zinaendelea mtemi, zimeshika njia ya ng'ombe mtemi, naye alitangulia kwa fimbo yake akiinama hapa na pale kuhakikisha ule ufa. Nyuma yake kijiji kikawa kinafuta kila kitu kwa miguu, kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyechunguza kama kuna alama ya mtu. Ya nini, wakati mtemi ameshasema mtu yupo? Walipofika kwenye ngitiri, ile nyasi tunayoitunza kwa ajili ya kiangazi, mmoja akagutuka kwamba njia hii inakwenda kwa Marcelo. Basi wakaziacha nyayo zilizoteremkia dimbwini, wakakata moja kwa moja wakikimbia, mtemi akifuata kelele zao.

Sisi tulirudi nyumbani tukakuta kigoda kitupu. Jirani akatuambia mtemi ameondoka na msafara. Mama mkubwa alitua ndoo vibaya, maji yote yakamwagika, akaanza kukimbia na umri wake ule. Nilimfuata nikimwita, nikimuuliza kuna nini.

"Haoni," akaniambia bila kugeuka. "Baba yako mkubwa haoni hata kidogo. Mimi ndiye ninayemwonea."

Nilitaka kuuliza zaidi, pumzi ikakataa. Tulifuata vumbi la watu hadi kwenye ngitiri. Pale walipokatia njia, yeye hakukata. Mazoea ya kutazama chini yalimpeleka kule kule alikokwenda ng'ombe, na tulipofika dimbwini akasimama. Matope yalikuwa laini, hayajakanyagwa na mtu. Mtamba aliteremka hapa, akanywa, akang'ata nyasi pembeni, akasimama kidogo kama mtu anayekumbuka njia, akapanda upande wa pili.

"Katambuga iko wapi?" mama mkubwa akaniuliza.

Nilitazama huku na huku. Haikuwepo. Hapakuwa na alama ya kiatu wala ya mguu mtupu, nyuma yake wala ubavuni. Yule ng'ombe alikuwa amesukuma miiba akaondoka zake, akarudi kwao alikozaliwa. Mifugo hufanya hivyo, mtoto wa chekechea wa kwetu anajua.

"Mungu wangu," mama mkubwa akasema. "Na yeye ameshasema ameswagwa."

Kelele za kwa Marcelo tulianza kuzisikia tukiwa bado mbali. Tulimkuta ameketishwa katikati ya uwanja wake, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya kukamulia, sikio moja linavuja damu. Mkewe alikuwa anagaagaa chini akiwashika wanaume miguu. Mtamba mwekundu alikuwa zizini anatafuna, hana habari.

"Jamani nimemkuta amesimama mlangoni pa zizi alfajiri," Marcelo alikuwa anasema, na ilionekana ameshalisema hilo mara nyingi. "Amekuja mwenyewe. Nimemtuma mtu kwa mshenga, ndiye ninayemngoja."

"Kwa nini usimrudishe mwenyewe?" Yakobo akafoka. "Kwangu hukujui?"

"Nitamrudishaje mimi, baba? Ng'ombe wa mahari nimswage nimlete mlangoni kwako, binti yako atasemaje? Si nitakuwa nimevunja ndoa?"

Alikuwa anasema kweli, na kila mwanaume pale alijua ndivyo mila ilivyo. Mahari ikirudi kwa mkono wa mwoaji, ndoa imekwisha. Lakini walikuwa wameibiwa sana mwaka ule, walikuwa wamekimbia wamechoka, na mtemi alikuwa amesema. Kijana mmoja alishafungua tanki la pikipiki yake, anauliza nani ana chupa.

Mama mkubwa alipenya hadi kwa mumewe akamshika mkono wa shati. Nilimwona anamnong'oneza. Nilimwona na yeye, uso wake ulivyobadilika. Nimemjua mzee yule tangu nikiwa sijaota meno ya mbele, na sijawahi kumwona anaogopa kabla ya hapo.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Simlaumu sana, nani asingejaribu?

"Mwacheni kwanza," akasema. "Turudi dimbwini tukaangalie tena."

"Tuangalie nini?" Yakobo akauliza. "Mtemi, wewe si umeshasoma?"

"Milembe amepita kule. Anasema hakuna alama ya mtu."

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko kibaya cha watu wenye hasira.

"Namhala, mzee wetu, tangu lini nyayo zinasomwa na wanawake?" Yakobo akasema. "Umemhurumia huyu? Sheria si uliiweka wewe? Zimeishia hapa, hapa pajibu."

Chupa ikapatikana. Harufu ya petroli ikaja hadi tulipo. Nilitamani baba mkubwa aseme, na nilitamani asiseme, kwa sababu nililala kwenye mji ule, na ng'ombe walionisomesha walikuwa kwenye zizi lile, na nilijua kinachotulinda ni nini.

"Yeye ndiye anayesoma," baba mkubwa akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Milembe ndiye anayesoma! Hivyo vidole mnavyovisifia ni macho yake. Mimi sioni. Nimeacha kuona zamani. Leo alikuwa kwenye maji, nimekuja peke yangu, nimewadanganya."

Hapakuwa na aliyecheka tena. Ila Yakobo hakuamini. Alidhani mzee amenunuliwa, au ameingiwa na huruma za uzeeni. Akatia mshale kwenye upinde, akauvuta hadi sikioni, akasogea mpaka ncha ikawa inakaribia kugusa vifungo vya shati la baba mkubwa. Mama mkubwa akapiga kelele. Watu wakarudi nyuma.

"Nimeshika nini, mtemi?" Yakobo akauliza.

Baba mkubwa hakurudi nyuma. Aligeuza uso kuelekea sauti, akiwa ametulia, kama anayengoja kusalimiwa.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Niambie."

 Yakobo alishusha upinde polepole, akatazama pembeni, na nadhani kama pangekuwa na shimo angeingia. Mtu aliyeishi na sifa za Gobore tangu utotoni alikuwa ameona kwamba Gobore hatambui mshale ulio kifuani kwake. Wengine waliondoka kwenda dimbwini kutazama kwa macho yao. Waliporudi, mmoja wao akakata kamba za Marcelo kwa kisu. Yule wa pikipiki akaimwaga chupa kwenye majani. Marcelo alibaki amekaa pale pale anajisugua mikono, mkewe amemkumbatia kichwa.

Ningependa kuishia hapo. Mtu ameokoka, mzee amesema kweli, kila mmoja arudi kwake. Hata baba mkubwa nadhani alifikiri yamekwisha, maana alinyoosha mkono hewani kumtafuta mama mkubwa ili waondoke.

Ndipo Specioza, mjane wa Mayige, alipotoka nyuma ya watu. Nyumba yake haiko mbali na ya Marcelo, na yowe alizisikia kama sisi. Hakuwa analia. Alipita katikati ya wanaume waliompigia mumewe, nao wakampisha, akaenda kusimama mbele ya mama mkubwa.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kama mtu anavyomwamkia mama yake, kwa heshima yote.

"Mwangaluka," mama mkubwa akaitikia.

"Siku ya Mayige ulikuwa umemshika shati?"

 Mama mkubwa alimtazama mumewe, ambaye hakuweza kumtazama. Nilikumbuka siku ile mimi pia, kwa sababu mimi ndiye niliyemsindikiza stendi.

"Nilikuwa Mwanhuzi," akasema. "Kwenye msiba wa dada yangu."

 Wanaume wengine walianza kutazama mikono yao. Specioza alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa jibu alilolijua. Kisha akaenda kwa baba mkubwa, akamshika mkono kwa upole, kama tunavyowashika wazee tukiwavusha mfereji, akamwongoza hatua chache hadi karibu na zizi. Yeye alifuata. Nadhani hakujua ni nani mpaka aliposikia sauti.

"Chuchumaa, baba," Specioza akamwambia.

Akachuchumaa. Specioza akauchukua mkono wake, akaviweka vidole kwenye alama ya kwato iliyokuwa pale chini, moja kati ya nyingi.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?"

Baba mkubwa alipapasa. Alipapasa ukingo, akapapasa katikati, akarudi tena ukingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na asubuhi ilikuwa bado na ubaridi. Wote tulikuwa tunamtazama, Yakobo, Marcelo na sikio lake la damu, kijiji kizima kilichokuwa kinashika vinywa kwa ajili ya vidole vile.

"Sijui," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Sijui, mayu."

"Na siku ya Mayige ungesema hivyo hivyo," Specioza akamjibu. "Neno hilo moja tu, baba. Sasa hivi ningekuwa nampikia uji."

Akauachia ule mkono, akajifunga kanga vizuri, akaondoka kwa njia ya nyumbani kwake. Watu nao wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, bila filimbi. Baba mkubwa alibaki amechuchumaa, vidole vyake bado viko kwenye ile alama, na hata mama mkubwa hakwenda kumwinua.